Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, jiko la gesi na hotuba tatu ndefu. Kitenge nimeshona, jiko linawaka vizuri, hotuba nimezisahau. Lakini wakati wa kupiga picha mwalimu mmoja kijana aliniinamia akasema, "Mama, tuandikie basi ulivyokuwa unafundisha hesabu. Sisi watoto wanatushinda." Hilo limenikaa kichwani mwezi mzima, na leo nimefungua daftari.

Vyeo sitaviandika. Vingine vilichelewa kuliko treni, na hakuna hata kimoja kilichomfundisha mtoto kugawanya. Nitaandika zaidi juu ya mwaka mmoja, ule ambao nilikaribia kunyang'anywa darasa la saba, na ambao kila nikiamka nilijiuliza kama sikuwa nachezea maisha ya watoto wa watu.

Nilifika Gulwe mara ya kwanza nikitokea kwetu Kondoa. Nilipanda basi hadi Dodoma, kisha treni, na sanduku langu la bati lilikaa miguuni mwa abiria mmoja aliyekuwa akilitumia kama kiti bila kuniomba. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka stesheni, ng'ambo ya korongo ambalo lilikuwa kavu miezi tisa na halipitiki miezi mitatu. Walinikabidhi hesabu za madarasa ya juu kwa sababu mwalimu aliyekuwapo alikuwa amehama, na kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Vifaa vilikuwa bikari moja ya mbao iliyovunjika mguu, rula ya ubaoni iliyoliwa na mchwa mpaka ikaanzia sentimeta nane, na chaki. Darasani watoto walizungumza Kiswahili, nje walizungumza Kigogo, na Kirangi changu hakikunisaidia kitu.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa chuoni. Kila wiki ilikuwa na mada yake. Nikiingia naandika tarehe, naandika kichwa cha somo, napiga mistari miwili chini yake kwa chaki nyekundu, natoa kanuni, natoa mifano miwili, natoa maswali kumi. Maandalio yangu ya somo yalikuwa masafi mno. Mkaguzi mmoja aliyaomba akawaonyeshe walimu wa shule nyingine, nami nikatembea wiki nzima nikiwa nimevimba kichwa.

Aliyekuwa haoni uzuri huo alikuwa Mwalimu Ndahani. Huyu alikuwa mzee wa palepale, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kwa hiari yake alikuwa amekataa madarasa yote isipokuwa la kwanza na la pili. Alinusa tumbaku, alipiga chafya tatu kila baada ya kunusa, na alikuwa na kamba ya katani yenye vipande kumi na viwili vilivyolingana, kila kipande kikiishia kwenye fundo. Kwa kamba ile alifundisha kila kitu. Walihesabu mafundo, waliikunja katikati wakaona nusu, waliikunja mara tatu wakaona theluthi, waliinyoosha wakaruka mbele na kurudi nyuma wakawa wamejumlisha na kutoa.

Siku moja alisimama mlangoni kwangu nikifundisha sehemu darasa la tano. Nilipotoka aliniambia, "Binti, mimi nawapa watoto kamba moja nzima. Nyinyi wa huku juu mnaikata vipande, kila wiki mnampa mtoto kipande, halafu mnashangaa hana cha kufungia mbuzi."

"Shikamoo, mwalimu," nikamjibu, maana sikuwa na jibu lingine la heshima. Moyoni nilisema mzee amezoea watoto wadogo, huku juu hakujui. Alipostaafu aliniachia ile kamba, akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa stoo. Nikaiacha pale miaka mitatu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa minadani, maduka yalikuwa na sabuni za kila harufu, na vitabu navyo vikawa vya kila rangi. Zamani darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha serikali, watoto sita wanakizunguka, lakini ni kilekile. Sasa mmoja alikuja na kitabu alicholetewa na mjomba wake kutoka Dodoma, mwingine na cha dada yake, na kila kitabu kilikuwa na njia yake ya kufanya hesabu ileile. Tuisheni ikashika kasi. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwenye bidii na wasiwasi mwingi, alirudi kutoka mjini na bunda la vitini vya maswali na majibu, vimepangwa mada kwa mada, akatuambia tuwakaririshe la saba, mimi mkondo wangu na mwenzangu mkondo wa pili, mpaka wavione usingizini.

Sasa nifike kwenye debe.

Mwanzoni mwa mwaka ule, Jumatatu, niliandika ubaoni kichwa cha somo, Sehemu, mistari miwili myekundu, kisha swali hili. Mama alikuwa na debe la uwele. Ametwanga robo tatu yake, zimebaki kilo nne. Debe lilikuwa na kilo ngapi? Alhamisi ya wiki hiyohiyo mada ilikuwa Uwiano. Nilikuwa nimechoka, nimeishiwa mifano, nikaandika swali lilelile la mama na debe lake, nikidhani hakuna atakayegundua. Na kweli hakuna aliyegundua.

Nilikusanya madaftari nikayasahihisha mezani ofisini. La tatu kutoka juu lilikuwa la Sechelela, msichana makini, mwandiko wake unanyooka kama umepigwa rula. Jumatatu alikuwa amechukua robo tatu akazidisha na nne, akapata kilo tatu. Alhamisi alikuwa amegawa debe kwa uwiano wa tatu kwa moja, akapata kilo kumi na sita. Kazi zote mbili zilikuwa ukurasa mmoja, zimeachana vidole vinne. Nikafungua daftari lingine, vilevile. Nikafungua yote. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na madebe mawili.

Nilimwita Sechelela. "Hebu niambie, debe la huyu mama lina kilo tatu au kumi na sita?"

Akatazama ukurasa, akanitazama mimi. Hakuona tatizo. "Mwalimu, ile ya Jumatatu ni ya sehemu. Hii ni ya uwiano."

"Lakini mama ni huyohuyo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na debe ni hilohilo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa debe la kilo tatu litabakizaje kilo nne?"

Akaweka kidole kwenye tatu, kisha kwenye kumi na sita. Mtoto huyu alikuwa amebeba debe kichwani tangu akiwa na miaka saba. Uzito wake aliujua shingoni kuliko mimi niliyeujua kwenye kitabu. Angemwona mtu njiani anasema debe la uwele ni kilo tatu angemcheka mpaka akae chini. Lakini akiingia darasani aliliacha debe nje, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuliacha nje. Nilikuwa nao tangu la nne. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa kumlaumu.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nilikwenda stoo nikaitungua kamba ya Mwalimu Ndahani.

Siku iliyofuata sikuandika kichwa cha somo. Nilinyoosha kamba mbele ya darasa, mtoto mmoja huku, mmoja kule, nikasema hili ndilo debe. Robo tatu iko wapi? Wakahesabu, fundo la tisa. Kilichobaki? Vipande vitatu, robo. Hiyo robo ni kilo nne. Kamba nzima ina robo ngapi? Darasa likapiga kelele kumi na sita kabla sijafika kwenye kilo. Nikawauliza, hii ni sehemu au uwiano? Wengine wakasema sehemu, wengine uwiano, wakaanza kugombana, nami nikawaacha wagombane mpaka kengele.

Tangu siku hiyo nilirudi mwanzo kabisa. Kamba ile ikawa urefu, ikawa sehemu, ikawa uwiano. Asilimia nikawaambia ni kamba hiihii, ila tujifanye ina mafundo mia. Mwendo na muda vikakaa juu yake, ramani na kipimio chake vikakaa juu yake. Tuliichukua uwanjani, tukashika vipande vitatu, vinne na vitano, kona ikatoka ya mraba bila bikari ya mguu uliovunjika. Na kila Ijumaa niliandika ubaoni swali lisilo na jina. Mwanzo walihangaika sana. "Mwalimu, ni mada gani?" Nikawajibu kwamba sijui, wamwulize mama mwenye debe. Kabla ya kukokotoa chochote walitakiwa kuchora mstari, kuweka wanachokijua juu yake, na kusema kwa mdomo jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nini. Asiyesema hakuruhusiwa kushika kalamu.

Mnaona tatizo lilipo. Kwenda hivyo ni polepole. Mwezi wa tatu mwalimu mkuu aliniita.

"Mwalimu Zaina, azimio lako la kazi linasema uko kwenye asilimia. Nimepita dirishani nimewaona la saba wamenyoosha kamba kama la kwanza."

"Wako kwenye asilimia, mkuu."

"Kwa kamba?"

"Kwa kamba."

Akavua miwani akaipangusa. "Mkondo wa pili wako kitini cha nne. Sikiliza. Nakuachia mpaka moko. Wako wakiwa chini ya mkondo wa pili, nampa mwenzako darasa lako na vitini vyake, wewe unashuka la kwanza na kamba yako. Mimi hapa nina nafasi za sekondari chache mno, na wazazi wote wananiangalia mimi."

Hakuwa akinionea. Nafasi za wilaya ziligawanywa shule kwa shule, na yetu haikuwa imewahi kuvuka watoto wanne. Nikikosea mimi, si mimi nitakayebaki nyumbani.

Moko, yaani mtihani wa majaribio, ikaja. Wangu wakawa chini ya mkondo wa pili, tena chini kabisa. Nilipozisoma karatasi nikaona kisa. Walichokifanya kilikuwa sahihi karibu chote, lakini wengi hawakufika hata nusu ya maswali. Walichora mistari yao taratibu, wakafikiri, wakahakikisha, na kengele ikawakuta swali la ishirini. Niliwafundisha kufikiri nikasahau kuna saa ukutani. Nilijifungia stoo nikalia, na ninyi mtakaolia kazini nawashauri stoo, ina vumbi na hakuna atakayeuliza kwa nini macho ni mekundu.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi kuwaeleza matokeo na mabadiliko ya mwalimu. Nilikaa mbele, mikono mapajani, kama mshtakiwa. Alipomaliza kusoma, akauliza kama kuna mwenye neno. Akasimama mama mmoja mrefu aliyefunga kaniki, nikamtambua kwa macho tu kwamba ni mama yake Sechelela.

"Mimi kusoma sikusoma," alisema. "Hizo alama sizijui. Ninachokijua ni kihenge changu. Mwezi wa pili huyu binti alikuja na kamba, akaiingiza kwenye kihenge akapima uwele ulipofika. Wiki mbili akapima tena. Akachora mstari chini akaniambia, mama, tukila hivi tutamaliza kabla mpya haujakomaa. Nikamwambia mtoto usinitie mkosi. Baba yake akasema tujaribu. Tukapunguza kipimo cha jioni. Majirani zetu wamekopa chakula, sisi uwele umefika mpaka tukavuna." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Sasa mwalimu mkuu, huyo mwalimu unayemtoa, umtoe. Lakini mtu atuambie, hiki kitu alichowafundisha, ni nani mwingine anayekifundisha?"

Akakaa. Wazee wawili wakaanza kuuliza hiyo kamba ni ya namna gani. Mimi mwenyewe sikuwa nimejua habari za kihenge. Sechelela hakuniambia, kwa kuwa kwake haikuwa kazi ya darasani.

Mwalimu mkuu alipangusa miwani muda mrefu. Tulipotoka akanishika kando. "Baki nao mpaka mtihani. Ila mwalimu, hao watoto lazima wamalize karatasi."

"Watamaliza, mkuu. Naomba na mimi vitini."

Aliniangalia kama nimeugua. Nikavichukua vitini vyake vyote nikaenda navyo nyumbani pamoja na mkasi. Nikakata kila swali peke yake, vichwa vyote vya mada nikavitupa jikoni, maswali nikayachanganya kwenye kibuyu. Kila asubuhi tulichota kumi kibuyuni, saa ya mezani ikiwa mbele yao. Mstari bado walichora, lakini sasa ulikuwa mstari wa sekunde mbili, mkwaruzo tu. Wiki ya kwanza walimaliza matano. Wiki ya nne walimaliza kumi na dakika zikabaki. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, sikusema vitini ni vibaya. Mwalimu mkuu alikuwa na haki yake kuhusu saa kama mimi nilivyokuwa na haki yangu kuhusu debe, na tulipoteza miezi sita kwa sababu kila mmoja alimsikiliza mwenzake nusu.

Siku ya mtihani mwalimu hasimamii shule yake. Mimi nilipangiwa shule moja Mlali. Nilitembea katikati ya madawati ya watoto nisiowajua, wamenyoa vizuri, wamekaa mbalimbali. Karatasi ya hesabu ilipofika katikati, msichana mwenye sweta la kijani akanyoosha mkono. Nikamwendea. Akanong'ona, "Mwalimu, hili la tisa ni la sehemu au la uwiano?"

Nililisoma hilo la tisa juu ya bega lake. Lilikuwa swali la kamba tupu, hata lile debe lingetosha. Yule mtoto alikuwa na kanuni zote mbili kichwani, nina hakika, alihitaji tu mtu amtajie jina. Na mimi sheria ilinikataza kusema hata neno moja. "Soma maelekezo," nikamwambia, nikaondoka. Nyuma yangu mkono mwingine ukanyooka, na mwingine. Sijawahi kuchukia kazi yangu kama saa ile, wala sijawahi kuitaka kama saa ile.

Jioni tulikutana wasimamizi tukirudisha bahasha. Nikamtafuta mwalimu aliyesimamia kwetu, mwanamume mpole wa makamo.

"Watoto wako wana mambo," akasema. "Kila mmoja, kabla ya kujibu, anakwaruza kamstari pembeni. Darasa zima. Nikadhani wanapeana ishara, nikawabana mpaka nikachoka."

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, wakakaa wananitazama."

"Kuna aliyeuliza ni mada gani?"

Hakunielewa. "Hakuna aliyeuliza kitu," akasema.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa mlangoni mwa ofisi mwisho wa mwaka. Walikuwa wanne, kama siku zote. Watatu walikuwa wangu. Mwalimu mkuu alinipa mkono, akasema mwakani la saba ni langu, tena mikondo yote miwili. Nilisoma ile karatasi mara tatu. Sechelela hakuwemo.

Alikuja kuniamkia siku ileile, peke yake. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya darasa. Nilianza kumwambia pole, nikaanza kumweleza kwamba pengine lile la tisa, pengine mwendo wangu wa mwanzo ndio ulimchelewesha, pengine ningevikata vitini mapema zaidi. Aliniacha niseme. Kisha akachuchumaa akaokota kijiti, akachora mstari kwenye vumbi, akaukata vipande ishirini.

"Mwalimu, tulifanya themanini," akasema. "Wameitwa wanne. Kwa hiyo kila ishirini, mmoja." Akaweka kokoto kwenye kipande cha kwanza. Akapitisha kijiti juu ya vingine vyote, polepole, mpaka mwisho. "Hata kama wote tungepata yote, hawa wangebaki tu. Si wewe, mwalimu. Na sisi si wajinga."

Nilimuuliza lile lililonijia mdomoni tu. "Hiyo ni mada gani?"

"Haina jina," akasema, na akacheka, na mimi nikalia, safari hii mbele za watu.

Hakwenda sekondari. Alilima, akaolewa, akazaa. Miaka ilipopita na kata zikaanza kujenga sekondari zao, wazee wetu walisita, wakasema iliyopo inatosha. Mkutanoni akasimama mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, akaomba nafasi, akachora chini mstari wa vipande ishirini na kuweka kokoto moja. Akawauliza wazee wamwonyeshe mtoto wa nani akae kwenye lile kokoto. Msingi ulianza kuchimbwa mwezi uliofuata, na kona zake nne tulizipima mimi na yeye, vitatu, vinne, vitano.

Kamba iko stoo, msumari wa pili. Fundo la saba linalegea, likazeni.